Nani Aliulizwa? Curt Flood na Ubadilishanaji wa Wachezaji wa Besiboli

Msimu wa besiboli nchini Marekani humalizika Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na wachezaji hawarudi kambini hadi Februari. Katika miezi hiyo ya baridi mashabiki hawanyamazi. Hukisia ni nani atapelekwa klabu gani, na klabu yao itoe nani ili impate. Wamarekani huyaita mazungumzo hayo "ligi ya jiko la moto", kwa kumbukumbu ya watu waliokuwa wakiota moto dukani na kubishana kuhusu besiboli. Hoja yangu ni kwamba kwa miongo mingi makisio hayo yalikosa swali moja: mchezaji mwenyewe anasemaje?

Sisi tuliozoea usajili wa soka tuone kwanza tofauti. Mchezaji wa soka anapouzwa, hukaa mezani na klabu mpya na kutia saini mkataba mpya. Katika besiboli, klabu hubadilishana mikataba yenyewe, na mchezaji huhamia mji mwingine pamoja na mkataba wake. Mizizi ya utaratibu huu ni mwaka 1879, wenye klabu walipokubaliana kwamba kila klabu ibakize wachezaji 5 ambao wengine hawatawagusa. Baadaye kifungu hicho kilienea kwa wote. Mkataba ulipoisha, mchezaji hakuwa huru; alibaki wa klabu ileile hadi imuuze, imbadilishe au imwache. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu besiboli.

Oktoba 1969, klabu ya St. Louis Cardinals ilimtoa Curt Flood kwa Philadelphia Phillies katika mpango uliohusisha wachezaji saba. Kwa mashabiki, mjadala ulikuwa wa kawaida: nani amepata faida, Philadelphia iliyompata Flood au St. Louis iliyompata Dick Allen? Flood alikuwa ameichezea St. Louis kwa misimu 12, akatwaa ubingwa wa 1964 na 1967, na tuzo ya Gold Glove mara saba mfululizo. Habari za kuhamishwa aliletewa kwa simu. Tarehe 24 Desemba alimwandikia kamishna Bowie Kuhn akikataa kuhesabiwa kama mali inayonunuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Kamishna alikataa ombi lake, naye akaenda mahakamani.

Wengi walimshangaa, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka. Yeye alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Katika Afrika Mashariki neno hilo halitamkwi kwa mzaha, na ni kweli kwamba Flood aliweza kuacha kazi, jambo ambalo mtumwa hakuliweza. Hata hivyo, nionavyo mimi, wakosoaji wake walijibu swali ambalo hakuliuliza. Walizungumzia kiasi cha malipo. Yeye alizungumzia idhini. Mtu anaweza kulipwa vizuri na bado asiulizwe.

Gharama ilikuwa kubwa. Flood hakucheza msimu wote wa 1970. Jackie Robinson alikuja kumtolea ushahidi, lakini hakuna hata mmoja wa wachezaji waliokuwa bado uwanjani aliyefanya hivyo. Mwaka 1971 alijaribu kurudi na klabu ya Washington, akacheza mechi 13 tu. Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3.

Lakini kushindwa kwake hakukumaliza suala. Mwaka 1973 chama cha wachezaji kilipata kanuni mpya: mchezaji mwenye miaka 10 katika ligi kuu, 5 ya mwisho ikiwa katika klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Flood angetimiza masharti hayo. Desemba mwaka huohuo Ron Santo wa Chicago Cubs alikataa kupelekwa California, akaishia Chicago White Sox, ng'ambo ya pili ya jiji lake. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba wachezaji wawili waliokaa mwaka mzima bila kusaini mkataba mpya walikuwa huru.

Haki hiyo ya pamoja ina upande wake mgumu. Desemba 2003, Alex Rodriguez wa Texas Rangers alikuwa tayari kupunguziwa thamani ya mkataba wake ili aende Boston Red Sox. Chama cha wachezaji kilikataa, kikihofia kwamba mmoja akikubali kupunguziwa, wengine watalazimishwa. Februari 2004 akaenda New York Yankees, mahasimu wa Boston. Safari hii mchezaji alitaka kwenda, na wenzake ndio waliomzuia.

Hata hivyo, tukio hilo linathibitisha badiliko ninalolizungumzia. Shabiki wa mwaka 1969 alihitaji kukisia mawazo ya wenye klabu tu. Shabiki wa leo, kabla ya kupanga biashara yake kichwani, hulazimika kuuliza kama mchezaji ana haki ya kukataa, na kama atakubali. Flood alifariki mwaka 1997. Hakupata haki hiyo kwa ajili yake mwenyewe, lakini swali lake sasa limo katika mazungumzo ya kila majira ya baridi.