Kibao cha Mlango wa Mnasihi

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania hakosi neno masomo yanapomwendea kombo. Akianguka somo na kutakiwa kurudia mtihani, ana sapu. Somo likimfuata hadi mwaka unaofuata, amekeri. Akiondolewa chuoni kwa matokeo mabaya, amedisko, na neno hilo husemwa kwa sauti ya chini hata na wale ambao halijawahi kuwagusa. Fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo ni bumu, na bumu likichelewa hosteli nzima inajua. Hakuna baraza lililoketi kuyatunga maneno haya. Yamezaliwa kwenye korido na vimbweta, yakakubalika, hata mzazi aliye kijijini ameyazoea.

Shida huanza mwanafunzi anapotaka kusema yanayompata moyoni. Siku hizi wengi husema tu, "Nimevurugwa." Nalipenda neno hili kwa ukweli wake. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa na mtendaji hatajwi: kuna aliyevuruga, lakini ni nani? Ni sapu mbili? Ni wenzake chumbani wenye simu za bei na marafiki wa kila siku? Ni mjomba anayepiga simu kuuliza utamaliza lini, maana ukoo mzima ulichanga? Au ni jambo la zamani lililokuja naye chuoni ndani ya begi? Kumtafuta mtendaji huyo ndiyo kazi ya chumba chenye viti viwili na mlango uliofungwa. Nami nataka kuuliza mlango huo umeandikwaje.

Mara nyingi umeandikwa "Ushauri Nasaha". Neno hili lilienea sana enzi za kampeni za UKIMWI, matangazo yalipohimiza ushauri nasaha na kupima kwa hiari, kwa hiyo masikioni mwa wengi bado limefungamana na sindano na kusubiri majibu. Tena ni ushauri uliowekwa juu ya ushauri. Mwanafunzi wetu ameshauriwa tangu darasa la kwanza: na baba, na shangazi, na mwalimu wa nidhamu, na sheikh au mchungaji. Akisoma kibao kile anaona mshauri mwingine amejiunga na foleni. Isitoshe, vyuoni kwetu Mshauri wa Wanafunzi ni cheo. Ofisi yake hushughulikia mabweni, nidhamu na serikali ya wanafunzi. Barua ya wito ikitoka kwake, mtu halali usingizi. Ni vigumu kwenda kutoa dukuduku kwa anayebeba jina hilohilo, hata kama ni mtu mwingine kabisa na mwema.

Na taaluma yenyewe ya kutibu kwa mazungumzo ilianza kwa kusikiliza. Huko Vienna, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Bertha Pappenheim, binti aliyekuwa akitibiwa na daktari Josef Breuer, ndiye aliyeipa jina: tiba ya kuzungumza. Mgonjwa ndiye aliyesema, daktari akatega sikio. Mwanasaikolojia Carl Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1942 kilichotoka Marekani, alikwenda mbali zaidi. Alipinga desturi ya mtaalamu kumpangia mtu la kufanya, akaacha pia kumwita mgonjwa, akamwita mteja. Kwa Kiingereza lilikuwa neno la heshima. Sisi tumelichukua vilevile, bila kukumbuka kwamba mitaani teja ni mtu aliyezama kwenye heroini. Mtaalamu anayesema "mteja wangu" mbele ya kijana wa Dar es Salaam amemwongezea jeraha bila kukusudia. Amwite kwa jina lake. Akitaka istilahi ya kuandika kwenye jalada, "mhudumiwa" latosha.

Neno jingine linalonikera ni "binafsi". Tunasema shule binafsi, hospitali binafsi, na kila mtu anajua maana yake ni ada. Mwanafunzi akiambiwa kuna tiba binafsi, atauliza bei kabla ya kuuliza saa. Analohitaji kuhakikishiwa ni kwamba hakuna atakayesikia, na kwa hilo tuna "faragha". Hata "siri" hailifikii, kwa sababu mwenye siri hudhaniwa ana kosa. Mwenye kutaka faragha hadhaniwi lolote. Ameomba nafasi yake tu.

Kwa majina ya maumivu yenyewe hatuna njaa. Sonona ni kitenzi cha siku nyingi cha moyo unaouma, na wataalamu walifanya vyema kukipa kazi mpya. Jakamoyo, yaani fadhaa ya moyo, lipo, linangoja tu kutumiwa.

Sasa basi, anayesikiliza aitweje? Mimi nasimama na "mnasihi". Najua lina mzizi mmoja na nasaha, lakini mzizi huo umebeba pia usafi wa nia. Ndiyo maana Waislamu husema toba nasuha, toba ya kweli. Shuleni neno limeshaingia, pamoja na unasihi wake, na halijachakazwa na cheo wala barua za wito. Kazi yake iitwe tiba ya mazungumzo, ili anayeingia ajue kwamba yeye pia atazungumza, na kwamba haendi kupewa kitanda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo wote wanaohusika: taasisi ya Kiswahili, TATAKI, wenye kamusi, walimu wa saikolojia, na wanafunzi wenye maneno yao. Naomba waketi pamoja, wanafunzi wakiwa wa kwanza kusema, na wasiondoke bila kibao kipya. Mimi ningeandika: "Mnasihi. Tiba ya mazungumzo, kwa faragha. Karibu hata kama hujui uanzie wapi." Kisha chini yake siku na saa, kwa herufi kubwa, na mnasihi awepo saa hizo.