Mwanzo wa Mashindano ya Kandanda katika Mji wa Tanga

Mji wa Tanga ulijua kushindana kabla haujaujua mpira, na mtu atakaye kuisimulia taarikhi ya ligi yake akaanzia pale gozi la kwanza lilipopigwa teke, atakuwa ameiacha nusu nzima ya kisa, tena nusu iliyo tamu zaidi. Kwani zamani za Wajerumani, walipokuwa wamekwisha kuifanya Tanga bandari ya reli yao ya kwanza, iliyoanza kulazwa mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, vijana wa mji walikuwa wamegawanyika katika makundi mawili ya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, kila kundi na matarumbeta yake, gwaride lake, sare zake na wakuu wake waliojivika vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Na asiyekuwa wa huku alikuwa wa kule, wala hapakuwa na wa katikati ila mgeni aliyeshuka melini jana.

Beni haikuzaliwa Tanga. Iliteremka na upepo wa kaskazi kutoka Lamu na Mombasa, ambako ilianza katika miaka ya 1890, lakini ilipofika hapa ilikuta ardhi yenye rutuba, maana Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule yake mjini, na shule ile ilifundisha, pamoja na hesabu na hati ya kuandikia, kupiga ala za shaba. Marini walijihesabu kuwa ndio waungwana na watu wa kalamu. Arinoti walipata wafuasi wao zaidi kwa watu wa kazi za mikono na wageni wa bara. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za tashtiti na kwa karamu: upande mmoja ukichinja, wa pili hauna budi kuchinja zaidi, hata kama nyama ile italipwa kwa deni la miezi. Wakubwa wa serikali, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, walilalamika juu ya israfu hiyo bila kuelewa kwamba vijana walikuwa wakinunua kitu ambacho dola ya kigeni haikuwa tayari kuwapa, nacho ni heshima mbele ya watu wao wenyewe.

Nimeirefusha habari ya beni makusudi. Katika matarumbeta yale vijana wa Tanga walijifunza kuweka daftari la wanachama, kutoza ada, kumchagua katibu na mshika fedha, kumtafuta tajiri wa kuwafadhili, kusafiri kwenda mji wa pili kama wageni rasmi na kupokewa kwa taadhima, na zaidi ya yote walijifunza kwamba mji mmoja wahitaji pande mbili zisizopatana ili mambo yawe mambo. Klabu ya mpira ilipokuja haikuwa na jipya la kuwafundisha ila sheria za mchezo wenyewe.

Mchezo wenyewe ulikuja kwa njia ya dini. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA waliuweka katika chuo chao cha Kiungani, Unguja, tangu miaka ya 1870, na chuo kile kiliungana kwa damu na nchi ya Bonde, nyuma ya Tanga, maana wamisionari hao walikuwa na kituo kikubwa Magila, karibu na Muheza, na vijana wa Kibondei walivuka bahari kwenda kusoma Unguja, wakarudi waalimu, makarani na wacheza mpira. Walimu wao walitumaini kwamba kandanda ingewafunza utiifu na kuwaepusha na ngoma. Ya kwanza sikatai, kwa kiasi. Ya pili ilikuwa ndoto, kwani mchezaji wa saa kumi alasiri alikuwa mchezaji ngoma wa saa tatu usiku, na wale waliomshangilia uwanjani ndio hao hao waliomtunza kwenye ngoma.

Mmoja wa wanafunzi wa Kiungani alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, ambaye baada ya vita kuu ya kwanza alipanda cheo mjini Tanga hata akawa karani mkuu, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Huyu ndiye aliyekuwa kichwa cha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilichoasisiwa Tanga mwaka 1922, chama kilichokaribisha Waislamu na Wakristo kwa pamoja, kikawa na mahali pa kukutania na kusomea magazeti, kadhalika na timu yake ya mpira. Wanachuoni hupenda kukitaja chama hiki kwa kuwa ni miongoni mwa mizizi ya siasa ya Tanganyika. Wana haki. Lakini kwa mwenyeji wa Tanga kina fadhila nyingine: kilionyesha kwamba karani, ambaye hapo awali alikuwa mtumishi wa mtu mwingine mchana kutwa, aliweza jioni kuwa nahodha wa watu kumi wenziwe, akaamuru naye akasikizwa.

Wazungu nao walikuwa na michezo yao upande wa Raskazone, ya kriketi, tenisi na mashua za tanga, na wale wa mashamba ya mkonge walicheza raga, mchezo wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana, ambao wenyeji waliutazama kama mtu atazamavyo ugomvi wa jirani: kwa hamu, lakini bila nia ya kuingia ndani. Raga haikuota mizizi Tanga, na sababu si udhaifu wa watu. Yahitaji majani laini ya kuangukia, viatu, na uwanja uliofungwa kwa wanachama. Kandanda yataka mahali peupe na kitu cha duara, na vitambaa vilivyoviringwa vikafungwa kwa kamba ya mkonge vyatosha, na kamba hiyo Tanga ilikuwa nayo kuliko mji wowote wa dunia.

Huo mkonge ndio uliowaleta wachezaji. Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, akaagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyosalimika safarini ni 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba kutoka Pangani hadi Korogwe na kupanda bonde la reli, na mashamba yakavuta manamba kutoka Kigoma, Unyamwezi na nyanda za kusini. Wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walibaki wakahamia Ngamiani, mtaa uliopimwa kwa mistari mnyofu, ambao barabara zake hazikupewa majina bali hesabu: ya kwanza, ya pili, hata kupita ya ishirini. Huko walikutana na Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Waarabu, pamoja na makuli wa bandarini, wale waliogoma Agosti 1939 wakaushitua mji mzima. Ilipofika hesabu ya watu ya mwaka 1957, Tanga ilikuwa na wakaazi wapatao 38,000, ikawa ya pili kwa ukubwa Tanganyika nyuma ya Dar es Salaam. Kuli wa kutwa alikuwa na bahati moja ambayo karani hakuwa nayo: siku isiyokuwa na meli, alasiri yake ilikuwa mali yake. Nadhani ndiyo sababu timu za mitaani zilizipita upesi zile za ofisi kwa nguvu na ustadi, ilhali za ofisi ndizo zilizokuwa na mpira halisi na mtu wa kuandika barua.

Kutoka katika mchanganyiko huo zilitokea klabu mbili ambazo jina la Tanga haliwezi kutajwa bila ya hizo. African Sports, Wana Kimanumanu, ni zao la miaka ya 1930, wakati ule ule ambao Dar es Salaam ilizaliwa Young Africans mwaka 1935 na mwaka wa pili wake klabu iliyokuja kuitwa Sunderland. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, iliundwa mwaka 1948, vita vya pili vikiwa vimekwisha na bei ya mkonge ikipanda. Zote mbili zimefanya maskani yao Ngamiani, mwendo wa hatua chache baina yao, na tangu hapo Marini na Arinoti wakapata warithi. Sisemi kwamba kundi hili la beni liligeuka klabu hii na lile likageuka ile. Nasema kwamba kiti cha ushindani hakikukaa kitupu. Ndugu wa baba mmoja walinuniana wiki nzima, mume alikula chakula kimya, na barazani kwenye kahawa mzee wa upande ulioshindwa alichelewa kutoka siku ya pili yake, akidai ana mafua.

Mechi zenyewe zilifuata saa za mji, si saa za ofisi. Zilianza baada ya swala ya alasiri, zikamalizika kabla ya adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani mpira ulilala, na masika nayo yalikuwa na amri yake juu ya uwanja. Wachezaji wengi walicheza miguu mitupu, tena kwa fakhari, wakisema kiatu humnyima mtu kuujua mpira. Na kwa kuwa Tanga ni Tanga, fundi, yaani mganga, naye alikuwa na nafasi yake katika matumizi ya klabu, nayo haikuandikwa katika daftari kwa jina lake. Mwenye kutaka kucheka na acheke. Lakini fedha iliyotoka kwa ajili hiyo ilikusanywa kwa michango, ikatunzwa kwa siri na ikatolewa kwa pamoja, na chama kiwezacho hayo ni chama kweli.

Juu ya mashindano ya mtaa kulikuwa na makombe makubwa, na hapa pana jambo la kuchekesha ambalo sijaona wengi wakilitaja: kandanda ya Afrika Mashariki ililelewa na sabuni. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, likaingiwa na Tanganyika mwaka 1945 na Unguja mwaka 1949, lilitolewa na mtengeneza sabuni wa Kiingereza. Na Kombe la Sunlight, ambalo majimbo ya Tanganyika yalilipigania, lilikuwa na jina la sabuni nyingine. Wafanya biashara walikuwa wameelewa kwamba mahali walipokusanyika maelfu ya watu kwa hiari yao ndipo pa kutangazia bidhaa. Mchezaji wa Tanga aliyetaka kuonekana nje ya mji wake, njia yake ilikuwa kuchaguliwa katika timu ya jimbo, na pale Wana Kimanumanu na Wagosi walilazimika kupeana pasi.

Ligi ya nchi nzima ilichelewa, na sababu moja kubwa yaonekana kwenye ramani ya reli. Njia ya Tanga iliungana na Mombasa kupitia Moshi na Voi miaka mingi kabla haijaungana na njia ya kati. Dar es Salaam mtu alikwenda kwa meli, au kwa lori lililozama matopeni. Kwa hiyo macho ya Tanga, katika mpira kama katika ndoa na biashara, yalitazama zaidi kaskazini na baharini, yaani Mombasa, Pemba na Unguja, kuliko kusini. Mwaka 1963 kipande cha reli kutoka Mnyusi hadi Ruvu kilifunguliwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, ligi ya taifa ikaanza, na Sunderland ikatwaa ubingwa wa kwanza. Sitasema reli peke yake ilizaa ligi, kwa maana uhuru ulikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini uhuru usio na njia ya kupita usingezifikisha timu uwanjani saa kumi.

Tangu hapo mizani iliinamia Dar es Salaam. Tanzania ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa takriban tani 30,000 tu. Mtu angetarajia mpira wa Tanga ufe pamoja na mlezi wake. Badala yake mwaka 1988, mkonge ukiwa umekwisha kuporomoka, Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na mwaka uliofuata ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mjini Nairobi, ikafungwa na Kenya Breweries. Mkonge uliwaleta watu, lakini ushindani ulikuwa wao tangu kabla yake.

Msomaji uliye Tanga, au uliye na babu aliyewahi kuvaa jezi ya timu yoyote ya mji huu, iwe ya bandari, ya shamba au ya mtaa, fungua sanduku la nyumbani. Picha ya kikosi kilichochuchumaa safu ya mbele na kusimama safu ya nyuma, kadi ya uanachama, risiti ya ada, barua ya katibu yenye mhuri, hizo ndizo kumbukumbu za ligi hii, nazo mchwa hawabagui baina ya Coastal na Sports. Andika nyuma ya kila picha majina ya waliomo wakati mwenye kuwajua yungali hai, kisha peleka nakala mahali zitakapohifadhiwa, ikiwa ni maktaba ya mji au jumba la Urithi Tanga katika boma la kale la Wajerumani.