Taveta, Mji Ulioupinda Mpaka

Fuata kwenye ramani mpaka wa Kenya na Tanzania kutoka baharini. Unaanzia karibu na Vanga, mto Umba unapoingia baharini, unakwenda moja kwa moja kaskazini-magharibi hadi Ziwa Jipe. Hapo unakata kona, unaupitia Kilimanjaro kwa nyuma, upande wa kaskazini, ndipo unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria.

Kona hiyo ina hadithi yake: eti Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima huo awe na wake siku ya kuzaliwa. Waongoza watalii huisimulia, na walimu kadhaa pia. Ni tamu lakini si kweli. Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886. Wilhelm huyo alitawazwa 1888, na wakati wa mapatano mwenye kiti alikuwa babu yake. Tena maandishi ya mapatano yapo hadi leo. Yanasema mstari uvuke mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Hakuna mjukuu humo. Aliyetajwa kwa jina ni Taveta.

Kwa nini madola mawili ya Ulaya yahangaike na kijiji kilichofichwa na msitu? Jibu ni maji na chakula. Msafiri wa miguu kutoka Mombasa alianza na nyika ya Taru, akapumua kidogo kwenye milima ya Taita, kisha akatumbukia tena katika mbuga kavu isiyo na kisima cha kutegemea. Mwisho wa kiu hiyo palikuwa na mto Lumi, unaoshuka kutoka miteremko ya Kilimanjaro kwenda Ziwa Jipe, pamoja na chemchemi za Njoro. Maji hayo yaliotesha msitu mnene, na ndani ya msitu palikuwa na migomba, mahindi, viazi, kuku na samaki. Vijia vya kuingilia vilikuwa vyembamba na vyenye malango, hivi kwamba hata Wamaasai, waliotisha mbugani, hawakuona faida ya kupigana na miti.

Wenyeji, Wataveta, walikuwa mchanganyiko wa koo zilizokimbilia humo kutoka Upare, Usambara, Taita, Ukambani na kwa Wachaga. Baadaye wakaja Wakwavi pia, jamaa za Wamaasai. Majirani zao Wachaga walikuwa na mangi, yaani watawala wao. Wataveta walitawaliwa na baraza la wazee, njama, na mgeni hakupata mtu mmoja wa kumhonga akamaliza kazi.

Kwa wafanyabiashara wa pwani, Taveta ilikuwa kituo kikuu kabla ya Umaasaini. Misafara ya pembe kutoka Pangani na Mombasa ilikaa hapo kwa majuma, wapagazi wakila na kupona vidonda. Kazi kubwa ilikuwa kutunga upya shanga: zilifika zikiwa mafungu tu, na Mmaasai hakupokea ushanga usiotungwa kwa urefu autakao yeye. Mskoti Joseph Thomson alipofika 1883 aliikuta kazi hiyo ikiendelea, na kutoka hapo akaandamana na Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara aliyezijua njia hizo miaka mingi kabla Mzungu yeyote hajazichora. Vitabu humwita Thomson mvumbuzi. Jumbe Kimemeta, nadhani, angecheka.

Mwaka uliofuata Mwingereza Harry Johnston alikuja kwa utafiti wa mimea na ndege, akaondoka na hati za makubaliano na wazee wa Taveta. Mwaka 1885 Jenerali Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani wa Zanzibar, alipandisha huku bendera ya Sultani, na Mjerumani Jühlke akapata hati yake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Kwa hiyo mwaka 1886 kila upande ulishika karatasi mkononi: Mwingereza ya Taveta, Mjerumani ya Uchaga. Mstari ukapita katikati ya karatasi mbili. Mlima ulifuata Wachaga.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Wajerumani waliuteka mji Agosti 1914 na kukaa humo mwaka mmoja na nusu. Februari 1916 Waingereza walijaribu kukitwaa kilima cha Salaita, mashariki ya mji. Askari weupe wa Afrika Kusini, wageni wa nyika hii, walirudishwa mbio, na wakasitiriwa na Wabaluchi wa jeshi la India, ambao askari hao weupe walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alizunguka kwa kaskazini, mji ukarudi, na mapigano makali yakamalizikia kwenye vilima vya Latema na Reata. Vita hivyo viliacha reli kutoka Voi, iliyounganishwa Kahe na ile ya Tanga na Moshi. Viliacha na makaburi.

Baada ya hapo alikuja Ewart Grogan, mlowezi mwenye tamaa ya ardhi isiyojificha, akapanda mkonge na kujijengea kasri juu ya kilima. Mashamba yake makubwa yalibadilisha wenye mali, lakini Taveta bado wapo wanaoitwa maskwota kwenye nchi ya babu zao.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Treni za Kahe zikakoma. Ndugu wa Holili, upande wa Tanzania, na wa Taveta, waliozoea kuvukiana kwa harusi na matanga, wakawa ghafla wageni wa nchi mbili. Uhaba ulipozidi Tanzania, sabuni na dawa ya meno za Kenya zilipita usiku kwa njia za panya, na hatari ilizidi mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi. Mwishoni mwa mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa.

Siku hizi kuna lami mpaka Voi na kituo cha pamoja cha forodha na Holili. Ndizi za Taveta zinauzwa Kongowea, Mombasa. Mahindi, maharage na vitunguu vinatoka ng'ambo. Machi 2021 Nairobi ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache. Katika siku hizo malori ndiyo yaliyosimama foleni mpakani. Bodaboda za njia za panya hazina foleni.