Karatasi za Shaaban Robert: vitabu vilivyotoka baada ya mwandishi kufa

Shaaban Robert alipofariki dunia mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, jina lake lilikuwa limekwisha kuenea kote Kiswahili kinakosomwa. Hata hivyo, sehemu muhimu ya kazi inayomfanya aitwe bingwa wa fasihi ya Kiswahili ilikuwa bado haijawa kitabu. Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote na Utenzi wa Vita vya Uhuru havikuwa madukani wala shuleni. Vilikuwa miswada, yaani karatasi zilizosubiri mchapishaji.

Lau karatasi hizo zingepotea katika kuhama nyumba, au kuliwa na mchwa, msomaji wa leo wa Yoba, Gitega au Muyinga asingejua hata kwamba ziliwahi kuandikwa. Historia ya fasihi ya Kiswahili inategemea kwa kiasi kikubwa swali moja: ni nani aliyetunza karatasi za mwandishi, na alizitunza wapi?

Karani aliyeandika usiku

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, na alisoma Dar es Salaam. Hakuishi kwa kalamu. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha chini ya serikali ya Waingereza. Baadaye alihudumu katika idara ya wanyama pori, katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na hatimaye katika idara ya upimaji wa ardhi. Mtumishi wa namna hiyo huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na kila uhamisho ni hatari kwa masanduku ya karatasi.

Uchapishaji nao ulikuwa safari ndefu. Mji mdogo wa pwani haukuwa na mchapishaji wa kutosha kwa kazi zake. Pambo la Lugha, mwaka 1947, lilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kusadikika, mwaka 1951, ilitolewa na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Mswada ulipaswa kuvuka mipaka na bahari, kusomwa na watu wasiomjua mwandishi, kisha kukubaliwa, kukataliwa, au kukaa kimya miaka mingi.

Nyaraka za mwandishi ni nini?

Wahifadhi wanapozungumzia nyaraka za mwandishi, hawakusudii vitabu vyake vilivyokwisha kuchapwa. Wanakusudia kila alichokiacha kwa maandishi kabla na kando ya kitabu: rasimu za kwanza zenye mikwaruzo, mswada safi uliopelekwa kwa mchapishaji, barua alizoandika na alizoandikiwa, shajara, hotuba, mikataba, na hata daftari la hesabu za nyumbani.

Kitabu kilichochapwa humwonyesha msomaji neno la mwisho la mwandishi, au pengine neno la mwisho la mhariri wake. Rasimu huonyesha njia iliyofikia neno hilo: beti iliyofutwa, jina la mhusika lililobadilishwa, sura iliyohamishwa. Kwa mtafiti, mstari uliokatwa kwa wino una thamani sawa na mstari uliobaki.

Tarehe mbili za kitabu kimoja

Faida ya kujua historia ya mswada huonekana wazi katika Kufikirika. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Msomaji anayeangalia ukurasa wa mbele tu anaweza kudhani kwamba mwandishi alikuwa akiitafakari Tanzania huru na siasa ya ujamaa. Lakini mswada wake uliandikwa mwaka 1946. Hakukuwa na uhuru wakati ule. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu uliotangulia, na mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali ya kikoloni.

Kwa hiyo nchi ile ya kubuni, yenye mfalme na raia zake, inapaswa kusomwa kama fikra ya mtu aliyetawaliwa, ambaye hakuweza kusema kila jambo kwa uwazi. Tena, kwa mpangilio wa kuandikwa, Kufikirika hutangulia kutoka kwa Kusadikika, ijapokuwa Kusadikika ndiyo iliyomfikia msomaji kwanza, kwa tofauti ya miaka 16.

Mfano wa pili ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, nao wa mwaka 1967, wenye beti zipatazo 3,000. Jina na mwaka wake vinaweza kumfanya mtu adhani ni habari za mapambano ya kuwaondoa wakoloni. Sivyo. Utenzi huo unasimulia vita vya 1939 hadi 1945. Anayejua safari ya mswada hapotei. Asiyeijua hujenga hoja nzima juu ya msingi usiokuwapo.

Barua kwa ndugu

Hazina nyingine ilitoka katika familia. Tangu mwaka 1931, alipokuwa kijana wa miaka 22, Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi wa hadithi. Ndugu huyo hakuzitupa. Zilikusanywa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958.

Mkusanyiko huo unahusu miaka 27. Barua si riwaya, wala mwandishi wake hakukusudia isomwe na umma. Kwa sababu hiyohiyo humwonyesha mtu akiwa bila joho la ubingwa: kaka anayemshauri mdogo wake, na mtumishi mwenye mshahara wake na majukumu yake. Miaka 40 ilipita baada ya kifo chake kabla ya barua hizo kuwa kitabu. Katika muda wote huo, uhai wake ulitegemea uamuzi wa mtu mmoja wa kutozichoma wala kufungia vitu.

Waliookolewa na kumbukumbu, waliookolewa na ujanja

Kisa cha Shaaban Robert si cha pekee. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikufa yapata mwaka 1840 bila diwani iliyochapwa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, ambapo mmisionari William Taylor aliyakusanya na kuyaandika kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Diwani ilitoka mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi. Bila masikio na kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua, mengi katika mashairi hayo yangezikwa pamoja na wazee.

Karne ya 20 ilileta hatari ya namna nyingine: gereza. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1972 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka gerezani kwa siri. Mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Katika gereza hilohilo la Kamiti, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za aina hiyohiyo. Askari waliupekua mswada na kuuchukua, kisha baada ya majuma kadhaa ukarudishwa. Wasomaji wa Kiswahili waliipata riwaya hiyo mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani.

Karatasi za Afrika zilizo ng'ambo

Leo sehemu kubwa ya nyaraka za waandishi wa Afrika iko mbali na makwao. Nyaraka za Chinua Achebe wa Nigeria zipo katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Za Amos Tutuola, Mnigeria mwenzake, ziko katika Chuo Kikuu cha Texas. Hati nyingi za kale za Kiswahili, zikiwamo zilizokusanywa na Taylor, ziko London katika chuo cha SOAS.

Huko zina vyumba visivyo na unyevu na orodha zilizopangwa vizuri, na baadhi hupigwa picha ili zisomwe kwa intaneti. Lakini mwanafunzi wa Tanga au wa Gitega hawezi kuzigusa bila viza na nauli. Ndiyo maana kazi iliyofanywa Dar es Salaam ina uzito wake. Katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Nyingi ya hati za namna hiyo hazikutoka katika ofisi. Zilitoka katika nyumba za watu, kwenye masanduku ya mababu.

Burundi nayo

Burundi ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa uchungu. Michel Kayoya, padri, mshairi na mwandishi, aliuawa Gitega mwezi Mei 1972, katika mauaji yaliyoangamiza wasomi wengi wa nchi. Alikuwa hajatimiza miaka 40. Kitabu chake Sur les traces de mon père kilikuwa kimekwisha kuchapishwa Bujumbura mwaka 1968, na kwa hiyo sauti yake ilibaki. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilianzisha rasmi uchunguzi wa kumtangaza yeye na wenzake kuwa wenye heri. Taratibu za uchunguzi wa namna hiyo hudai kukusanywa kwa maandishi yote ya mhusika, yaliyochapwa na yasiyochapwa.

Kwa Waswahili wa Burundi, ambao ni wachache kati ya wasemaji wa Kirundi, hasara inaweza kuja polepole na bila kelele. Mzee anafariki, nyumba inagawanywa, na daftari la kaswida au mashairi lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu linatupwa kwa sababu wajukuu hawawezi kulisoma. Kutosomeka kwa hati si dalili kwamba haina maana. Mara nyingi ndiyo sababu hasa ya kumtafuta mwalimu wa madrasa au wa chuo aisome kabla haijatupwa.

Jinsi ya kutunza

Utunzaji wa mwanzo hauhitaji fedha nyingi. Karatasi huwekwa mahali pakavu, juu ya ardhi, mbali na jua, mchwa na panya. Pini na vibanio vya chuma huondolewa kwa sababu kutu hula karatasi. Iliyopasuka haibandikwi kwa utepe wa gundi, kwani gundi hiyo huiharibu zaidi. Kila fungu huambatanishwa na kipande cha karatasi kinachotaja mwandishi, mahali na mwaka, kwa penseli. Mpangilio ulioachwa na mwenyewe hauvurugwi, kwa kuwa nao ni ushahidi. Picha za simu husaidia, lakini hazichukui nafasi ya karatasi yenyewe.

Jambo moja zaidi hufaa kukumbukwa. Kumiliki karatasi si sawa na kumiliki haki ya kuchapisha kilichoandikwa juu yake. Haki hiyo kwa kawaida hubaki kwa mwandishi na warithi wake. Familia inaweza kuikabidhi maktaba karatasi, ikapewa stakabadhi, na bado ikaamua lini na nani azichapishe. Yusuf Ulenge hakuwa na jengo la kuhifadhia nyaraka. Alikuwa na barua za kaka yake, na hakukubali zipotee.