Kiboko na Chaki Kakamega

Wanaotetea kiboko katika shule za Kakamega, magharibi mwa Kenya, hupenda kusema kuwa ni mila: wazee wetu walichapwa wakanyooka. Dai hilo lina nusu ya ukweli. Kumchapa mtoto nyumbani halikuwa jambo geni kwa Waluhya, wenyeji wa Kakamega, wala kwa majirani zao. Lakini kumpa fimbo mtu mmoja, asiye baba wala mjomba, ili awatawale watoto hamsini wasio wake katika chumba kimoja, hilo lilikuja na shule, na shule zenyewe ni za juzi tu. Wamishonari wa Quaker, dhehebu linalokataa vita, walifika Kaimosi mwaka 1902, na shule ya serikali mjini Kakamega ikaanzishwa mwaka 1932. Anayetaka kujua kiboko cha darasani kilitoka wapi asome kanuni za serikali za nidhamu shuleni za mwaka 1972. Mwalimu mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuchapa, baada ya uchunguzi, mbali na macho ya wanafunzi wengine, viboko visizidi sita, kisha aandike kumbukumbu. Hakuna mzee wa Isukha au Idakho, jamii za Waluhya wa Kakamega, aliyeweka daftari la viboko. Huo ni utaratibu wa shule za Kiingereza, na Waingereza wenyewe waliuacha katika shule zao za umma mwaka 1987.

Kanuni hizo zilifutwa mwaka 2001. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, ikakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwenye karatasi, mambo yalikwisha. Ila hata kanuni za 1972 zilikuwa zikivunjwa kila asubuhi: mwalimu wa zamu alisimama langoni na fimbo yake, waliochelewa wakapiga magoti mstari mmoja, bila uchunguzi, bila daftari, shule nzima ikitazama. Kama sheria iliyoruhusu kwa masharti haikufuatwa, iliyokataza kabisa ingefuatwa kwa nguvu gani? Mwalimu mpya huja kazini akiwa ameshajifunza ualimu kwa miaka mingi, akiwa ameketi kwenye dawati na kuwatazama walimu wake. Miaka michache ya chuo cha ualimu, iwe Eregi au kwingineko, inashindana na somo hilo la utotoni. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, madarasa yakafurika, na mwalimu aliyenyang'anywa fimbo bila kupewa mbinu nyingine akairudia kimyakimya.

Kuna wanaosema utovu wa nidhamu umezidi tangu kiboko kikatazwe. Mapema mwaka 2021, baada ya walimu wa shule moja ya Kisii kudungwa kisu na mwanafunzi, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitaka kiboko kirudishwe. Hofu ya walimu ni ya kweli na haifai kubezwa. Hata hivyo, wasichana 19 walikufa St. Kizito, Meru, mwaka 1991 walipovamiwa na wavulana wa shule yao, na viranja wanne wa Nyeri High wakachomwa moto mwaka 1999. Misiba yote miwili ilitokea kiboko kikiwa halali. Hakikuizuia.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwamba kipigo kinaweza kupunguzwa, uko ng'ambo ya mpaka. Wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi katika mpango wa kupunguza ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015 baada ya kulinganisha shule 42. Katika shule zilizoingia kwenye mpango, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki moja kabla ya kuulizwa. Katika nyingine, karibu asilimia 49. Siri ya mpango huo, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuteuliwa mwalimu mmoja akapelekwa semina na kurudi na cheti. Wanafunzi, walimu, wasimamizi na wazazi walihusishwa pamoja. Kijana anayetoka chuoni akiamini nidhamu isiyo ya kipigo, halafu akute naibu mwalimu mkuu ndiye mtunza fimbo, atadumu muhula mmoja. Kwa hiyo Kakamega ianze na naibu huyo, kabla ya kijana. Wala isitarajie miujiza: hata katika shule za mpango huko Luwero, miezi 18 baada ya kuanza, karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa bado anapigwa.