Wokovu wa Wote na Wafu wa Usambara

Malindi tuisemayo si ile ya pwani ya Kenya, bali ya Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri hulishika, lakana katika fungu la 17 kwamba adhabu ya waliopotea itakoma. Fikira hiyo iliyokanwa ni kongwe: Origene wa Iskanderia, katika karne ya tatu, alitumaini kwamba vyote vitarejea kwa Mungu.

Wasambaa nao wana neno lao, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Alipofariki mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, jamaa zake walipigania utawala, na nchi ikaharibika.

Mtu aweza kudhani fikira hizi ni moja. Kwangu sivyo. Nchi iliyoponywa huweza kuharibika tena. Na wafu, ambao walitajwa na kulishwa katika matambiko, hawakuhitaji kurejeshwa, maana hawakuwahi kutengwa na jamaa zao. Kwa watu wa namna hiyo, habari nzito zaidi katika mafundisho mapya ni kwamba babu aliyekwisha kuzikwa aweza kuwa amepotea milele.