Mizani ya Bima: Historia ya Kibali cha Upasuaji wa Unene katika Marekani

Unene uliozidi kiasi ni jambo la kale, lakini swali la nani alipe gharama ya kuupunguza kwa kisu ni jipya. Katika Marekani, ambako watu wengi hulipiwa matibabu na bima, swali hili halikuamuliwa na madaktari peke yao. Mgonjwa aliyekubaliwa na mpasuaji hana budi kukubaliwa na mlipaji pia, na baina ya kukubaliwa huko kuwili pana njia ndefu ya karatasi. Historia ya njia hiyo yastahili kusomwa, kwani ndani yake huonekana jinsi jina, hesabu na fedha zinavyoshirikiana kuamua nani aitwe mgonjwa.

Mizani ya jambo hili ilikuwa mikononi mwa watu wa bima kabla ya kufika mikononi mwa wapasuaji. Kampuni ya Metropolitan Life ya New York iliuza bima ya maisha, ikawa na sababu ya kutaka kujua ni mwili wa namna gani ufao mapema. Mwaka 1942 ilitoa jedwali la uzito ufaao kwa wanawake, na mwaka 1943 la wanaume. Majedwali mapya yakafuata mwaka 1959. Hesabu zake zilitokana na watu walionunua bima, wala si taifa zima. Hata hivyo madaktari waliyapokea wakayatumia kama sheria. Hivyo biashara ya bima ilikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza waliowafundisha Wamarekani kuwa unene hufupisha maisha.

Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake wa Minnesota walichapisha habari za upasuaji unaoruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, ili chakula kipite bila ya kufyonzwa chote. Kazi hiyo ilihitaji fedha, na mlipaji aliweza kusema kwamba unene ni tabia, si maradhi. Hapo jina likafanya kazi yake. J. Howard Payne, mpasuaji wa California, hunasibishwa na istilahi ya unene wa maradhi, iliyoenea katika miaka ya 1960; na husimuliwa kwamba moja ya makusudi yake ilikuwa kuzishawishi bima zilipe. Kipimo kilichozoewa kilikuwa ratili 100, yaani yapata kilo 45, juu ya uzito wa majedwali. Kwa hiyo kampuni za bima ziliombwa fedha kwa kipimo kilichotoka nyumbani kwao.

Haitakuwa haki kusema kuwa kukataa kwao kote kulikuwa ubahili. Upasuaji ule wa utumbo ulileta kuharisha kusikokoma, mawe ya figo, upungufu wa lishe, na kwa wengine kuharibika kwa ini hata kufa. Baadaye uliachwa. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa, walianza njia nyingine: kuligawa tumbo na kubakiza kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo. Njia hii ilirekebishwa mara nyingi, nayo ikadumu. Mlipaji aliyetaka ushahidi alikuwa na hoja; kosa lilikuwa kuendelea kudai baada ya ushahidi kuletwa.

Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakutanisha wataalamu, nao wakaweka mpaka. Walitumia hesabu ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, ambayo Ancel Keys aliipa jina jipya mwaka 1972: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Aliyefika 40 aliweza kufikiriwa kwa upasuaji. Na aliye baina ya 35 na 40 pia, endapo ana maradhi makubwa yatokanayo na unene, kama kisukari. Kampuni za bima ziliushika mpaka huo kama ukuta. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 116 amevuka 40. Mwenye kilo 115 hajafika. Kilo moja, ambayo nguo na viatu vyaweza kuifanya, ikawa mlango wa kuingilia au wa kutokea.

Serikali nayo ilichelewa. Medicare, bima ya wazee iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, kwa miaka mingi ilishika kanuni kwamba unene wenyewe hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Maneno hayo yalifutwa mwaka 2004. Mwaka 2006 ikakubali kulipia upasuaji kwa aliyefika 35, mwenye maradhi yanayoambatana na unene, na aliyekwisha jaribu matibabu mengine asifaulu. Chama cha madaktari cha Marekani kiliutambua unene kuwa ugonjwa mwaka 2013.

Katika bima za binafsi masharti yalizidi. Nyingi zilidai miezi 3 au 6 ya kupunguza chakula mbele ya daktari, kila mwezi ukiandikwa. Zikataka pia ripoti za mtaalamu wa lishe na wa nafsi. Mwezi mmoja ukikosekana, hesabu yaweza kuanza upya. Tena lilikuwapo fumbo: anayetii na kupungua huweza kushuka chini ya mpaka akanyimwa, na asiyepungua huweza kuambiwa hakujitahidi. Mwaka 2011, na tena mwaka 2016, jumuiya ya wapasuaji wa unene ilitangaza kuwa sharti hilo halina ushahidi na huchelewesha tiba.

Aliyekataliwa hukata rufani. Sheria ya mwaka 2010 iliwapa wengi haki ya kupeleka shauri kwa mwamuzi wa nje. Lakini rufani haina nguvu nyingi pale ambapo mkataba wenyewe umeutoa upasuaji huu kabisa. Na waajiri wanaolipia matibabu kwa fedha zao huongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, hawalazimishwi na amri za majimbo kuhusu bima. Watu wawili wa uzito mmoja, wa mtaa mmoja, huweza kupata majibu mawili kwa sababu ya waajiri wao.

Si jambo dogo. Uchunguzi wa Uswidi wa watu 4,047, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walipungukiwa na hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 29, baada ya kufuatwa kwa wastani wa karibu miaka 11. Mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji ziliushusha mpaka: 35 hata pasipo maradhi mengine. Ushauri wa wapasuaji, hata hivyo, haubadilishi mkataba wa bima siku ile ile. Aliyeiunda mizani zamani ili apange bei ya maisha ndiye anayeulizwa leo alipie kuyarefusha, na mgonjwa hungoja jibu lake huku barua zikienda na kurudi.